Koti Lenye Mimba

Kocha Murmani alitupanga watoto sita kando ya mstari,
akainama, kinywa kikinuka vitunguu na tumbaku:
"Tukiwa nyuma, nyinyi ni swala.
Tukiwa mbele, kila mmoja wenu ana mwiba mguuni."
Tukacheka. Nani asiyejua kuchechemea?

Ilikuwa Chiatura, bonde la manganizi,
mwaka ambao umeme ulikuja kama mgeni asiyetaka kukaa.
Uwanja mweusi: ukianguka, unainuka na ramani gotini.
Juu yetu, kwenye waya wa kutoka kilima hadi kilima,
vigari vya chuma vilipeleka watu kazini na kuwarudisha,
mpaka umeme ukatike, wabaki wananing'inia
na mboga zao.

Dakika ya sitini na tatu Jumberi akafunga kwa goti.
Tokea hapo kila mtu wetu akawa mgonjwa.
Kipa Nugzari alivuta soksi, akashusha soksi,
akaita maji, akayatema, akaita mengine.
Winga alilala kama maiti, akafufuka alipoiona machela.
Hakuna aliyevunja sheria.
Tuliziwamba tu, kama ngozi ya ngoma motoni,
zikatoa sauti tuliyoitaka.

Nami nilikuwa na mwiba wangu.
Mpira ulipotoka, dakika ya themanini na nane,
niliudaka, nikauingiza ndani ya koti la babu,
nikafunga vifungo vitatu,
nikautazama mto Kvirila kana kwamba ndio uliouchukua.

Beki wao akaja mbio. Namba tano, Zauri,
mtu mzima, mwenye upara, mvuke ukimtoka kichwani.
Nilingoja kofi. Nilingoja tusi la mama.
Akalitazama tumbo langu. Akanitazama usoni.
Kisha akavitazama viatu vyangu.

"Utaanguka," akasema,
akapiga goti kwenye vumbi,
akanifunga kamba, fundo, kisha fundo juu ya fundo,
polepole, kama mtu ambaye treni imekwisha kumwacha.

Refa alipogeuka aliona alichokiona:
beki kapiga goti, mpira hauonekani, saa inakwenda.
Kadi ya njano. Kuchelewesha mchezo.
Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko.
Zauri alisimama, akapangusa goti, hakunitaja.
Ningeweza kusema.
Vifungo vilikuwa vitatu tu.

Tulishinda. Hatukushuka daraja.
Kocha alinipa soda ya peari, akanipiga begani: "Akili!"
Soda ilikuwa tamu. Sitadanganya kuhusu hilo pia.

Usiku shangazi Lamara alirudi vidole vimekufa ganzi,
saa mbili amening'inia juu ya uwanja na kabichi yake.
Akavua kofia. Akamenya kitunguu saumu. Akasema:
"Kutoka juu, mwanangu, koti lako lilikuwa na mimba."
Basi. Hakulirudia neno hilo mpaka anakufa.

Leo nina filimbi yangu mwenyewe,
ligi za chini, Jumapili, viwanja vyenye ng'ombe.
Kitabu kiko mfuko wa kushoto. Sheria kumi na saba,
nimezisoma kwa mshumaa na kwa mwanga wa simu,
hakuna inayosema mtoto akimbie,
wala inayosema mtu mzima apige goti.
Wanasema za mwizi ni arobaini.
Zangu nimezihesabu, zimepita elfu,
na hakuna aliyebisha hodi.

Ila mpira ukitoka, ukakawia kurudi,
siukimbilii mfuko wa kadi.
Natazama kwanza koti la mtoto,
halafu viatu vyake,
halafu juu,
ingawa vijiji hivi havina waya.